Mzee Hajakalia Kiti Chako



Ndugu yangu, dada yangu, leo wacha tuongee jambo ambalo huenda lisikupendeze mara moja. Nimelisikia maskani, nimelisikia kwenye foleni ya kupeleka barua za kazi, nimelisikia hata nje ya msikiti tukivaa viatu: "Hawa wazee wakitoka, sisi tutapata kazi."

Uchungu wako naujua. Umemaliza kozi, umetembea na bahasha kutoka Nyeri mpaka Karatina, kila geti unaambiwa nafasi hakuna. Halafu ukichungulia ndani unamwona mzee wa miaka 57 ameketi stoo na miwani yake, anaandika kwenye daftari polepole. Ni rahisi kuamini kwamba huyo ndiye aliyekufungia mlango.

Si yeye. Nataka tuelewane kwa nini si yeye, kwa nini akisukumwa nje kabla ya wakati wake wewe ndiye utakayeumia, na ni kitu gani unaweza kufanya kuanzia wiki hii.

HAKUNA ANAYEANDIKA "UMEZEEKA"

Kwanza jua vile mambo haya hufanyika, kwa sababu hakuna mwajiri atakayeandika kwenye barua kwamba mtu anafukuzwa kwa sababu ya mvi.

Huanza kwa utani. "Guka, bado uko?" "Mzee, unataka tukuzikie hapa?" Watu wanacheka, na yeye anacheka pia, kwani atafanyaje? Kisha shifti zinabadilika. Mlinzi aliyefanya kazi ya mchana miaka 15 anapelekwa usiku, na baridi ya Nyeri ya mwezi wa saba mnaijua wenyewe. Mafunzo ya kompyuta yakija, wanaitwa vijana peke yao. Miezi sita baadaye mzee anapewa barua ya onyo kwamba hawezi kutumia kompyuta. Mama mpishi aliyekuwa na msaidizi anaondolewa msaidizi, halafu anaulizwa mbona chakula kinachelewa.

Mtu akibanwa hivyo mwaka mzima, hufika siku akasema mwenyewe: "Bora niende." Na hayo ndiyo maneno yaliyokuwa yakingojewa.

Kuna mzee wa mtaa wetu, sitamtaja, na duka alilofanyia kazi sitalitaja. Ni duka la vifaa vya ujenzi. Aliingia hapo mwaka 2003, akawa mshika stoo. Mwaka 2024, akiwa na miaka 57, aliletewa mkataba wa mwaka mmoja, umeandikwa kwa Kiingereza, akaambiwa atie saini siku hiyo hiyo kama mfanyakazi mpya. Alipokataa, alinyang'anywa funguo za stoo, akawekewa benchi karibu na mlango. Alikaa kwenye benchi hilo wiki tatu, wateja aliowajua miaka yote wakimpita na kumuuliza kama anaumwa. Wiki ya nne aliandika barua ya kuacha kazi kwa mkono wake.

Alipokuja kwetu barua ilikuwa tayari imepokelewa. Afisa wa leba alimsikiliza kwa heshima, lakini karatasi ilikuwa na saini yake, na hakuwa ameandika popote yale aliyotendewa. Alilipwa mshahara wa mwezi na siku za likizo alizokuwa akidai. Basi.

Sasa sikiliza sehemu inayokuhusu wewe. Mahali pake waliingizwa vijana wawili, wote wa Majengo, mmoja tunacheza naye mpira. Walilipwa kwa siku, bila barua, bila NSSF. Kabla miezi mitatu haijaisha, wote wawili waliambiwa wasirudi, wakaletwa wengine wawili.

Je, kiti cha mzee kilimwendea nani? Hakikumwendea kijana yeyote. Kiti kilivunjwa. Kazi iliyokuwa na mshahara wa mwezi, likizo na malipo ya uzeeni iligeuzwa kuwa kibarua cha kubadilisha watu. Mzee alipoteza miaka yake ya mwisho, na wewe ulipoteza kazi ambayo siku moja ungeirithi ikiwa bado ni kazi.

HESABU AMBAYO BOSI ANAIJUA NA WEWE HUIJUI

Mbona wasimwache mzee amalize miaka mitatu iliyobaki? Jibu liko kwenye hesabu.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema mwajiri akipunguza wafanyakazi kwa sababu kazi imepungua, lazima amlipe kila anayeondolewa si chini ya mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka kamili aliofanya. Mtu wa miaka 21 kazini ni siku 315, yaani zaidi ya mshahara wa miezi kumi. Lazima pia atoe notisi ya mwezi mmoja, na afisa wa leba ajulishwe. Na katika kuchagua nani aende, sheria inamtaka aangalie nani ametangulia kazini, ujuzi, uwezo na uaminifu wa kila mmoja. Kwa maneno mengine, aliyekaa muda mrefu ana uzito wake kwenye mizani.

Lakini mtu akijiuzulu mwenyewe, malipo hayo hayapo. Akitia saini mkataba mpya kama mgeni, anaweza kuambiwa miaka yake 21 imeanza kuhesabiwa upya kutoka sifuri. Ndiyo maana benchi ni rahisi kuliko barua ya kumfuta.

Hesabu ya pili ni ya NSSF. Kwa miaka mingi mfanyakazi alikatwa shilingi 200 kwa mwezi na mwajiri akaongeza 200. Aliyechangia hivyo kutoka 2003 mpaka mwanzo wa 2023, miaka 20, michango yake yote pamoja na ya mwajiri ni shilingi 96,000 kabla ya faida. Kisha mwezi wa pili 2023 sheria mpya ya NSSF ilianza kutekelezwa: asilimia 6 kutoka kwa mfanyakazi na asilimia 6 kutoka kwa mwajiri. Mtu wa mshahara wa shilingi 18,000 anawekewa 2,160 kila mwezi. Ukipiga hesabu ya miaka minne, hiyo ni shilingi 103,680.

Soma tena taratibu. Kwa mzee wa namna hii, miaka minne ya mwisho inamwekea pesa nyingi kuliko miaka ishirini ya kwanza. Ukimtoa akiwa na 57 hujampunguzia miaka michache tu. Umemkata pale mti ulipoanza kuzaa.

NA HANA SHAMBA LA KURUDI

Kuna jambo lingine ambalo sisi watu wa Majengo za huku mlimani tunalijua kuliko wengine, iwe ni Majengo ya Nyeri, ya Nanyuki au ya Embu.

Jirani yetu akistaafu, huambiwa "rudi shambani." Ana ekari mbili za kahawa au chai, ana ng'ombe, ana mahali pa kuzikwa. Mitaa yetu ilianzishwa na watu waliokuja na safari za watu wengine: wapagazi, askari, wapishi, wachuuzi. Baadaye walijiunga nao wenyeji waliosilimu, na wengine walikatwa na jamaa zao kwa sababu hiyo. Wengi katika wajukuu wao mpaka leo hawana ekari hata moja. Nyumba ni vyumba viwili, na hati ya kiwanja ni hadithi ya miaka.

Kwa mzee kama huyo, kazi ndiyo shamba. Siku kazi inapokatika, hakuna pa kurudi.

Serikali ipo, ndio. Pesa za wazee za Inua Jamii ni shilingi 2,000 kwa mwezi, na huanza mtu akifika miaka 70. Kutoka 57 mpaka 70 ni miaka 13. Unafikiri nani atalipa kodi, unga na dawa za presha miaka hiyo yote? Wewe. Wewe uliyekuwa umeanza kuweka akiba ya mahari. Wewe dada uliyekuwa unataka kurudi chuo. Karo ya mdogo wako ambayo baba alikuwa ameibeba itahamia kwenye simu yako kila muhula. Kwa hiyo ukisema "wazee watoke," jua unajiandikia bili.

MSTARI ULE ULE

Huu ukurasa unasimama kwa ajili ya haki zetu kama Waislamu. Tumepiga kelele wasichana wakiambiwa wavue hijabu. Tumepiga kelele kijana wa Majengo akiulizwa kitambulisho cha babu yake ndipo apate chake, kwa sababu tu jina lake ni Abdalla au Hussein. Tulisimama juu ya nini? Juu ya Katiba ya 2010, Kifungu cha 27, kinachokataza ubaguzi wa moja kwa moja na ule wa kuzunguka.

Sasa kifungue usome orodha yake. Dini imo. Mavazi yamo. Na umri umo, kwenye sentensi ile ile. Kifungu hicho kinaifunga serikali, kisha kinamfunga kila mtu, hata mwenye duka. Mstari unaoilinda hijabu yako ndio unaozilinda mvi za mzee. Huwezi kuushika upande mmoja na kuuachilia upande mwingine.

Tusidanganyane, lakini. Sheria ya Ajira ilivyopitishwa mwaka 2007 haikuutaja umri katika orodha yake ya ubaguzi. Imetaja dini, jinsia, ulemavu na mengine. Hilo ni pengo. Ila Katiba iko juu ya sheria zote, na Kifungu cha 57 kinaitaka dola ihakikishe wazee wanaishi kwa heshima na utu, bila kudhulumiwa.

Pia kuwekewa umri wa kustaafu peke yake si dhuluma. Wafanyakazi wa serikali walikuwa wakistaafu na miaka 55. Tangu 2009 ni 60, na kwa wenye ulemavu siku hizi ni 65. Katika kampuni na maduka ya watu binafsi hakuna umri mmoja uliowekwa na sheria kwa wote. Hufuatwa mkataba au kanuni za mahali pa kazi. Hata wakubwa huambiwa muda umeisha. Mwaka 2016, Naibu wa Jaji Mkuu Kalpana Rawal na Jaji Philip Tunoi walipigania mahakamani wabaki mpaka miaka 74 kwa kuwa waliteuliwa chini ya katiba ya zamani. Walishindwa, kwa sababu Katiba ya sasa inasema 70.

Kwa hiyo tofautisha mambo mawili. Kustaafu ni mlango unaoujua tangu siku ya kwanza, una tarehe, una malipo, unaagwa na chai. Kusukumwa ni dirisha. Tunachopinga ni dirisha. Na angalia: hao majaji walikuwa na mawakili wakubwa wa kuwasemea. Mshika stoo wetu alikuwa na benchi.

TUANZE NYUMBANI

Kabla hatujanyoosha kidole kwa wenye maduka na mashule, tuangalie ndani. Mnisamehe, lakini hili lazima lisemwe.

Nani anafagia misikiti yetu? Nani anafungua mlango kabla ya alfajiri, anawasha maji ya kutawadha, anaadhini? Ni mwalimu gani aliyekufundisha alifu na bee? Wengi wa watu hawa wanahudumu miaka 20, 30, bila barua ya kazi, bila mchango wa NSSF, kwa "chochote kitakachopatikana." Sauti ikianza kukwaruza, kamati inatafuta kijana mwenye sauti tamu, na mzee anapewa kanzu na mkono wa shukrani baada ya Ijumaa. Kisha tunachangishana akiugua.

Inasimuliwa kwamba Sayyidna Umar (r.a.) alimkuta mzee kipofu, Myahudi, akiomba mlangoni. Alipomuuliza kilichomfikisha hapo, akajibu ni kodi, haja na umri. Umar alimshika mkono, akampeleka kwake akampa alichokuwa nacho, kisha akamwagiza msimamizi wa Baytul-mal amwangalie yeye na walio kama yeye, wasitozwe tena. Aliona si haki mtu kutozwa akiwa na nguvu kisha kuachwa akiwa mzee. Huyo hakuwa hata wa dini yake. Sasa sisi na muadhini wetu tutajibu nini?

Kwa hivyo ombi langu la kwanza ni la ndani: kila msikiti na kila madrasa katika miji yetu imwandikishe mhudumu wake NSSF na impe barua ya kazi. Michango midogo ya kila mwezi ni rahisi kuliko mchango mkubwa wa mazishi.

Na wazee nao wasikie. Kuna wanaoficha ujuzi ili wasipitwe, hawamwonyeshi kijana faili liko wapi mpaka siku ya mwisho. Kuna wanaokalia kamati miaka 25 na hawataki kijana hata aandike kumbukumbu za mkutano. Kiti cha kamati si mshahara wa mtu. Hicho kipokezaneni. Mzee anayetaka kulindwa kazini amfundishe aliye nyuma yake, kwa sababu kijana aliyefundishwa ndiye shahidi wako wa kwanza ukionewa.

NINI CHA KUFANYA

Wazee wetu wengi hawataisoma makala hii. Wewe ndiye utakayempelekea. Kaa na baba, mjomba, mama, shangazi, yeyote aliye na miaka zaidi ya 50 na bado yuko kazini, mfanye haya.

Kusanyeni karatasi. Barua ya kuajiriwa, karatasi za mshahara, barua za onyo, za pongezi, kitambulisho cha kazi. Piga picha zote na simu, zihifadhi mahali pawili. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani inahusu kuandika madeni. Mshahara na malipo ya uzeeni ni deni pia. Na kama hakuwahi kupewa mkataba wa maandishi, asikate tamaa: sheria inamtaka mwajiri ndiye aliyepaswa kuuandaa, na kesi ikifika, mwajiri ndiye atakayeulizwa uko wapi.

Linganisheni tarehe ya kuzaliwa. Wazee wengi wa Majengo waliandikiwa mwaka wa kukadiria walipochukua kitambulisho. Angalia kama tarehe ya kitambulisho, ya NSSF na ya faili la kazini ni moja. Zikitofautiana, shughulikieni sasa, akiwa bado na mshahara, sio siku ya kudai.

Ulizeni NSSF taarifa ya michango. Wapo waajiri wanaokata pesa na hawazifikishi. Utaona miezi iliyorukwa. Ukigundua hilo mtu akiwa na 52, kuna muda wa kudai. Akiwa na 61 na duka limefungwa, ni kazi ngumu.

Anunue daftari la shilingi 50. Kila anapotupiwa neno au kubadilishiwa kazi, aandike tarehe, saa, nani alisema nini, nani alikuwepo. Mahakama za Kenya zinatambua kwamba mtu anaweza kufukuzwa bila kuambiwa "toka," pale kazi inapofanywa isiyovumilika mpaka akaondoka. Lakini lazima aonyeshe. Mshika stoo wetu angekuwa na daftari la zile wiki tatu za benchi, mazungumzo yangekuwa mengine.

Asitie saini siku hiyo hiyo. Aseme kwa adabu: "Naomba niende nayo nyumbani niisome." Kama ni Kiingereza, wewe una cheti, msomee neno kwa neno. Na asiandike barua ya kuacha kazi akiwa na hasira. Hasira ikimpanda, apige simu kwanza.

Akiitwa kujibu mashtaka, asiende peke yake. Sheria inamruhusu aingie na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama, na asikilizwe kabla ya uamuzi kutolewa. Wapishi, wahudumu wa hoteli, wafanyakazi wa shule na hospitali wana chama cha KUDHEIHA. Chama si cha watu wa Nairobi peke yao.

Akifutwa, asikae akihesabu majuto. Aende kwa afisa wa leba, na Nyeri tuna hata Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, hana haja ya kupanda matatu mpaka Nairobi. Kwa kawaida kesi ya ajira lazima ifunguliwe ndani ya miaka mitatu. Mahakama ikiona alifutwa isivyo haki, inaweza kuamuru alipwe fidia ya mpaka mshahara wa miezi 12. Tume ya Taifa ya Jinsia na Usawa pia hupokea malalamiko ya ubaguzi, na wazee ni miongoni mwa watu inaowashughulikia.

Na kama mwili umechoka kweli, asione haya kusema. Goti ni goti. Aende kwa daktari, apate barua, aombe kazi nyepesi kwa maandishi. Kuomba kubadilishiwa kazi si kuomba kufutwa. Fundi aliyejifunzia kazini naye anaweza kufanya mtihani wa ufundi wa NITA apate cheti, ili akitoka atoke na karatasi ya kumtafutia kazi ya kufundisha au ya kusimamia.

NA WEWE MWENYEWE

Ukiitwa kujaza nafasi ya mzee, siwezi kukuambia ukatae. Una njaa, na kazi halali ni kazi. Ila ingia ukiwa na macho. Uliza aliyekuwepo alilipwa nini na kwa masharti gani. Omba barua. Jua kwamba sheria haimruhusu mwajiri kukuita kibarua milele: ukifanya kazi mfululizo kwa siku zinazotimia mwezi mmoja au zaidi, au ukipewa kazi ambayo haiwezi kumalizika chini ya miezi mitatu, una haki ya kulipwa kwa mwezi na kupata notisi. Wale vijana wawili wa duka la vifaa hawakujua. Waliokuja baada yao hawakujua pia.

Usiingie kwenye ule utani wa "guka." Ukicheka, meneja anahesabu kicheko chako kama kura. Mpe mzee shikamoo yake mbele ya watu, muulize kazi inafanywaje, sema wazi kwamba yeye ndiye aliyekufundisha. Si jambo kubwa, lakini ofisini watu huangalia nani anaheshimiwa na nani hana mtu.

Kama ni boda, mitumba, kinyozi au kuuza mahamri, jiandikishe NSSF wewe mwenyewe na uweke kidogo kidogo. Unacheka kwa sababu una miaka 23. Yule wa benchi alikuwa na miaka 36 alipoingia dukani mwaka 2003, na alikuwa akibeba mifuko miwili ya simiti kwa pamoja. Mwenzako akinyolewa, zako tia maji.

Tunaweza kushinda hili huku kwetu. Majengo si kubwa. Tunajuana nani anafanya kazi wapi na nani amebakisha miaka mingapi. Tukiwa na vijana watano katika kila mtaa wanaojua kusoma mkataba, na mzee akajua mlango gani wa kubisha kabla hajatia saini, benchi litakosa wa kulikalia.

Kwa hivyo Ijumaa hii, ukitoka msikitini, usiende moja kwa moja maskani. Pitia nyumbani, mwambie mzee wako akutolee ile bahasha ya karatasi za kazi iliyo chini ya godoro. Kaeni nayo saa moja. Ukiona kitu usichokielewa, tuandikie, na tutatembea nawe mpaka ofisi ya leba.

Allah awape wazee wetu afya na riziki ya halali, na atupe sisi moyo wa kuwasimamia wakiwa bado wapo.

Wassalaam.